Mwalimu Filipo Alivyohamisha Mvua

Mwalimu Filipo alikuwa mtu wa mvua. Watu wa Kilosa walimjua hivyo tangu alipokuwa bado anafundisha sayansi katika shule za msingi za huko juu Ukaguruni. Walipomwona amesimama peke yake uani, kichwa amekiinua kama anayesikiliza redio ya jirani, hawakumsumbua. Walijua anasikiliza wingu.

Kila siku saa tatu kamili asubuhi alitoka nje, akafungua kipima mvua chake cha shaba, akamimina maji yaliyomo kwenye bilauri nyembamba yenye mistari, akaiinua usawa wa jicho, akasoma. Kisha akaandika. Hakutumwa na ofisi yoyote. Kile chombo aliachiwa mwaka 1998 na kasisi mmoja wa misheni aliyekuwa anahama, ambaye alimwambia tu, "Usikiache kikae kikavu bila mtu wa kukitazama." Filipo alikuwa kijana wakati ule. Sasa alikuwa mstaafu mwenye mvi, na hakuwahi kukiacha.

Namba peke yake hazikumtosha. Pembeni ya kila namba aliandika sentensi moja ya jinsi mvua ilivyokuja. Milimita kumi na mbili: ilishuka polepole kutoka milimani, ikakaa uwanjani kama mgeni asiyetaka kusumbua. Milimita tatu: ilinyesha jua likiwaka, mbuzi hawakujua waende wapi. Sifuri: ilisikika, haikuonekana. Mkewe, Raheli, alizisoma zamani, zilipokuwa bado kwenye madaftari, na siku moja alimwambia kwamba amemwandikia mvua barua nyingi kuliko alizowahi kumwandikia yeye. Filipo alicheka, lakini alilifikiria jambo hilo kwa wiki nzima.

Madaftari yaliishia mwaka 2016. Mwaka huo binti yao Happyness, nesi kule Dodoma, alimletea kompyuta ya mtumba, nyeusi, nzito kama tofali. Mwalimu aliipenda. Alifungua folda akaiita MVUA kwa herufi kubwa, ndani yake akachora jedwali, na tangu asubuhi hiyo kalamu ikapumzika. Madaftari aliyafungia kwenye sanduku la bati.

Alipomaliza kuandika, simu ililia. Ilikuwa inalia hivyo karibu kila asubuhi ya msimu wa mvua. Alikuwa Abubakari, mkulima wa mpunga na mahindi wa Kimamba, rafiki yake tangu walipokutana kwenye semina ya mbegu miaka mingi nyuma.

"Mwalimu, huko kwenu imeshuka ngapi?"

"Kumi na nane."

"Haya, ahsante. Msalimie shemeji."

Na simu ikakatwa. Abubakari alihitaji namba hiyo kwa sababu maji yanayoshuka kwenye milima ya Kilosa huingia Mto Mkondoa, na mto huo ukishiba, mabonde ya Kimamba hupata habari baadaye kidogo. Filipo alifurahi kuwa na msikilizaji mmoja. Hakuwa na haja ya wa pili.

Basi, kompyuta nayo ikazeeka. Ilianza kwa kuchelewa kuamka. Mwalimu aliiwasha, akaenda kuoga, akanywa chai na viazi vitamu, akarudi, akakuta kile kiduara bado kinazunguka kwenye kioo. Alijifunza kuvumilia. Kisha, mwezi wa kumi mwaka 2025, kioo kikamletea maneno kwamba Windows aliyokuwa anaitumia imefika mwisho wa kuhudumiwa, na kwamba mashine yake haina sifa za kupokea mpya. Aliyasoma maneno hayo mara mbili, akavua miwani.

Mchana ule alilala kidogo kwenye kiti cha kamba barazani, akaota. Kwenye ndoto mvua ilikuwa inanyesha ndani ya kompyuta. Aliiona kwenye kioo, mistari mirefu ya fedha, na yeye yuko upande wa pili na bilauri yake, anatafuta tundu la kuyapitishia maji. Alipoamka vidole vilikuwa vimekunjika, mikono kana kwamba ilikuwa imeshika kitu.

Alimpigia Happyness.

"Baba, mashine hiyo ina umri mkubwa," Happyness alisema. "Lakini usiitupe. Nenda Mikumi kwa Tumwagile. Tulisoma naye Morogoro, ana kibanda cha kutengeneza kompyuta pale barabara kuu. Ninampigia sasa hivi."

Siku ya pili yake Mwalimu alifika Mikumi, kompyuta ameifunga kwenye kitenge cha mkewe. Kibanda cha Tumwagile kilikuwa chumba kimoja cheupe, karibu na barabara kiasi kwamba kila lori la kwenda Zambia lilipopita, bisibisi mezani zilitetemeka. Tumwagile alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye nywele fupi na macho ya mtu aliyezoea kutazama vitu vidogo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Umejuaje kama ni mimi?"

"Dada Happyness kaniambia utakuja na kompyuta umeibeba kama mtoto."

Aliipokea, akaiwasha, akasubiri bila kulalamika, akachungulia huku na kule kwenye kioo. Baadaye aligeuza kiti.

"Mashine yako haiumwi, mwalimu. Imezeeka tu, na Windows mpya haiitaki. Ukiendelea na hii ya zamani itafanya kazi, ila hakuna tena anayeilinda. Mimi ningekushauri tuibadilishie mfumo. Tuiwekee Linux."

Filipo aliwahi kulisikia jina hilo. "Si ile ya wataalamu? Maneno meupe kwenye kioo cheusi?"

Tumwagile alicheka kwa upole. "Hiyo ipo, kwa wanaoitaka. Linux ni kama jina la ukoo, mwalimu. Ndani ya ukoo kuna watoto wengi, sisi tunawaita distro. Wengine wakali, ukianza nao utaichukia Linux yote siku ya kwanza. Wengine wamelelewa kwa ajili ya mtu anayetoka Windows kama wewe. Nitakupa watatu hao, uchague mwenyewe."

"Nichague? Mimi najua nini?"

"Wewe ndiye utakayekaa nayo kila asubuhi. Mimi nikikuchagulia, utaitumia kwa kunistahi tu."

Alitoa flashi tatu, akaziandika namba kwa kalamu nene. Moja ilikuwa Ubuntu, mbili ilikuwa Zorin, tatu ilikuwa Linux Mint, ile nyepesi inayoitwa Xfce. Alimwonyesha jinsi ya kuchomeka flashi, kuwasha mashine huku akibonyeza kitufe cha F12, kisha kuchagua flashi kwenye orodha. "Itawaka kutoka humu kwenye flashi. Haigusi kitu ndani ya mashine. Utazunguka humo, utafungua, utaandika. Ukichoka, zima, chomoa, Windows yako utaikuta palepale ulipoiacha."

"Kwa hiyo naweza kuingia nyumba tatu bila kuhama kwangu."

"Hivyo hivyo. Na hii ya nne ni tupu. Siku ukiamua kuhama, kabla ya yote, weka humu kila unachokipenda. Kuweka mfumo mpya ni kufuta wa zamani na vyote vilivyomo. Unanielewa, mwalimu?"

"Nakuelewa," alisema Filipo, na alimaanisha.

Zikafuata asubuhi tatu ambazo baadaye alizikumbuka kama mtu anavyokumbuka safari. Alikuwa akimaliza kupima mvua, anakaa barazani na meza ndogo, anachomeka flashi.

Ya kwanza ilifunguka kwa rangi ya zambarau iliyoiva. Jina lake, Ubuntu, alilielewa bila kufundishwa, na hilo likampa furaha, kama kukutana na ndugu ugenini. Ilikuwa nzuri. Vitu vyote viliwekwa kushoto, vikubwa, vimetulia. Lakini mashine ilihema. Feni ilivuma kama nyuki waliochokozwa, na kila alipofungua kitu alipata muda wa kutazama kuku wawili wakigombea mnyoo hadi mmoja akashinda. Alizima kwa heshima.

Ya pili, Zorin, ilimshangaza kwa kufanana na alikotoka. Kitufe kilikuwa pale pale kwenye kona, orodha ilipanda vile vile. Ilikuwa kama chumba kilichopangwa na mtu aliyesimuliwa chumba chako cha zamani, akakipanga vizuri, ila kitanda kimesogea kidogo na wewe ukiingia gizani unajigonga. Ilikwenda vizuri kuliko ya kwanza. Alikaa nayo hadi saa sita. Hata hivyo alipofungua jedwali ilisita, kama mtu anayetafuta neno.

Asubuhi ya tatu kulikuwa na ukungu. Ulishuka kutoka milimani hadi kwenye miti ya jirani, na mwalimu alipoiwasha Mint, ukungu ulikuwa umefika barazani. Kioo kilifunguka bila makeke. Kitufe kilikuwa chini kushoto. Hakuna kilichorukaruka, hakuna kilichojitambulisha mara mbili. Feni ilinyamaza. Mwalimu aliweka mkono juu ya mashine, akaisikia ina joto la kawaida tu, kama shavu la mtu aliyelala vizuri.

Kisha aligundua kwamba Mint inaiona diski yake ya ndani. Aliingia humo polepole, chumba hadi chumba, mpaka kwenye nyaraka zake, na MVUA ilikuwepo. Aliifungua. Jedwali lilitokea katika programu asiyoijua, LibreOffice, lakini namba zilisimama kwenye mistari yake na sentensi pembeni, hakuna hata moja iliyokuwa imeteleza. Alianza kusoma ili kuhakikisha, akasahau kwamba anahakikisha. Alisoma masika ya mwaka 2018. Alisoma ule mwezi mto ulipopanda mpaka watu wakahamisha magodoro. Ukungu ulimzunguka, na kwa muda hakujua vizuri kama yuko ndani ya asubuhi hii au ndani ya mojawapo ya zile.

Raheli alirudi kutoka bustanini na mchicha, akasimama nyuma yake.

"Na hii ni ipi?"

"Ya tatu."

"Hebu." Alivuta kiti, akashika kipanya, akafungua vitu ovyo ovyo bila woga kama alivyokuwa anafungua masufuria ya watu msibani. Akapata programu ya kuchora. Akachora jembe, halafu mpini wa jembe, halafu mkono. Alilitazama jembe lake.

"Chukua hii," alisema. "Haijidai."

Mwalimu hakupata maelezo bora kuliko hayo, hata alipomsimulia Tumwagile kwenye simu. Tumwagile alisema ni kweli, kwa mashine yenye kumbukumbu ndogo kama yake angefika hapo hapo.

Jumamosi aliamua kuhama. Aliwasha Windows kwa mara ya mwisho, akachomeka flashi ya nne. Pale mbele ya kioo, mahali alipoizoea, palikuwa na picha ya folda iliyoandikwa MVUA. Miaka yote alikuwa akiibofya hiyo. Aliishika kwa kipanya, akaiburuta hadi kwenye flashi, akaiachia. Ilinakiliwa kufumba na kufumbua. Alifurahi. Akawaza kwamba mashine yenyewe imejua ni siku ya kuhama, ikajikaza.

Akachomeka ya tatu. Akafuata hatua alizoandikiwa na Tumwagile kwenye karatasi. Alipofika pale ambapo kioo kilimuuliza kama anataka kufuta diski na kuweka Linux Mint, alisoma mara tatu, akaigusa flashi ya nne mfukoni, akabonyeza.

Mvua ilianza wakati huo huo. Haikuwa kubwa. Ilitembea juu ya mabati kwa miguu myepesi, na kwenye kioo kile kistari cha rangi kilikuwa kinajaa kidogo kidogo, na mwalimu aliketi katikati ya vitu hivyo viwili akihisi anaelea. Alikuwa ameshaiandaa sentensi ya kesho.

Kazi ilikwisha. Mashine ikajiwasha upya, haraka, safi. Alichomeka flashi ya nne ili airudishe MVUA nyumbani kwake kupya. Ndani yake kulikuwa na kitu kimoja tu, kidogo mno. Alikibofya. Mint ikamuuliza kifunguliwe na nini. Alijaribu hiki, akajaribu kile. Alichomoa, akachomeka tena. Mvua ilikuwa bado inatembea juu ya mabati.

Alimpigia Tumwagile na kumweleza. Upande wa pili lori lilisikika likipita.

"Mwalimu," alisema Tumwagile, "ile picha uliyoiburuta, ilikuwa na kimshale kidogo kwenye kona?"

"Kilikuwepo. Nimekiona miaka tisa. Nilidhani ni pambo."

"Ile siyo folda, mwalimu. Ni njia ya mkato. Ni kibao tu cha kuonyesha folda iliko."

Filipo alielewa. Aliwahi kufundisha watoto wengi na aliwajua wanavyokaa wanapoelewa jambo wasilolitaka. Alikaa hivyo.

"Zima mashine, usiandike kitu tena juu yake," alisema Tumwagile. "Jumatatu niletee."

Jumatatu yote Tumwagile aliipekua ile diski kwa programu za kutafuta vilivyofutwa. Hakupokea mteja mwingine. Mwalimu alikaa kwenye benchi nje, akitazama vumbi la barabara kuu likinyanyuka na kulala. Jioni ilipoingia walikuwa wamepata picha za harusi ya Happyness, barua mbili za kanisani, na nakala moja ya zamani ya jedwali iliyoishia katikati ya mwaka 2017. Yaliyobaki yalikuwa yamefunikwa na mfumo mpya.

"Nisamehe, mwalimu. Nilipaswa kukuambia uifungue flashi kwenye mashine nyingine kwanza, uone kwa macho yako."

"Ulinifundisha vizuri. Ni mimi niliyebeba kibao nikaacha mji."

Alirudi Kilosa, na kesho yake saa tatu hakutoka nje.

Hakutoka siku ya pili, wala ya tatu. Vuli ilikuwa imekolea, na kila alfajiri Raheli alisikia maji yakigonga shaba. Mwalimu alilala mchana, akaota anatembea katika barabara ndefu ya vumbi ambayo kila nguzo yake imeandikwa mwaka, na kwenye kila nguzo anauliza kama ilinyesha, na hakuna anayejua. Simu ililia saa tatu na dakika kumi. Aliitazama mpaka ikanyamaza.

"Baba Happy," Raheli alimwambia siku ya tano, "mvua hainyeshi ili wewe uiandike."

"Najua."

"Na mimi najua unajua. Inuka ule."

Alikula. Ila hakutoka.

Siku ya kumi na moja, baiskeli iliegeshwa ukutani na mtu akapiga hodi kwa sauti ya kukohoa. Alikuwa Abubakari, kanzu ameipandisha magotini, matope hadi kwenye mashavu ya miguu. Ametoka Kimamba kwa baiskeli, na umri wake si wa baiskeli tena.

"Nimekuja kuona kama umekufa," alisema. "Shemeji, hujambo? Huyu ni mzima?"

"Sijambo, shemeji. Mwili mzima. Muulize mengine."

Walikaa barazani. Filipo alimweleza yote, Windows, distro, flashi nne, kimshale. Abubakari hakuwa amewahi kushika kompyuta, lakini alisikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu.

"Kwa hiyo ulichopoteza ni hizi namba ulizokuwa unaniambia asubuhi?"

"Hizo. Na maneno yake."

"Maneno siyajui. Namba ninazo."

"Unazo?" Filipo aliuliza.

"Ulidhani nauliza halafu nasahau?" alisema Abubakari. "Naandika kwenye kalenda. Na siku ambazo sikupiga, nilikuwa nakuuliza baadaye. Umesahau nilivyokuwa nakusumbua?"

Kesho yake asubuhi na mapema walikwenda Kimamba kwa bodaboda mbili, baiskeli imefungwa nyuma ya moja, Filipo amekumbatia kompyuta. Nyumba ya Abubakari ilikuwa nje kidogo ya mji, ng'ambo ya mashamba ya zamani ya mkonge. Sebuleni, kwenye msumari mmoja, zilining'inia kalenda kumi, mpya juu ya ya zamani, za msikiti, za duka la pembejeo, za chama cha wakulima. Msumari ulikuwa umeinama kwa uzito. Abubakari alizishusha zote kwa pamoja na kuziweka mkekani.

Mwalimu alifungua ya mwaka 2017. Katika kila kisanduku cha siku kulikuwa na namba mbili, moja ya wino wa buluu na nyingine ya wino mwekundu.

"Buluu ni Kilosa," alisema Abubakari. "Nyekundu ni hapa."

"Hapa? Nani alipima hapa?"

Abubakari alitoka nje, akarudi na kopo la maziwa ya unga lililosafishwa na rula ya mtoto wa shule. "Ulitueleza siku ile ya semina. Ukasema kopo lolote lenye ubavu wima litafaa, likae wazi, mbali na mti. Nikafanya."

Filipo alilipokea kopo. Aliligeuza. Lilikuwa wima kabisa, mdomo wake haukupinda hata kidogo. Miaka yote hiyo palikuwa na kituo cha pili cha mvua, na mwenye kituo alimpigia simu kila asubuhi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeuliza ningekuambia," alisema Abubakari, bila kinyongo, kama anayetaja saa. "Wewe uko milimani. Nilijua namba yako ndiyo kubwa."

Mwalimu aliliweka kopo mkekani. Alifungua kompyuta, ikawaka kabla mwenyeji hajamaliza kukunja mikono ya kanzu. Akafungua jedwali jipya. Akaandika kichwa cha safu ya kwanza, tarehe. Ya pili, Kilosa. Kisha akaandika ya tatu, Kimamba.

Walifanya kazi hiyo kwa wiki kadhaa. Mwalimu alikuwa anakuja asubuhi, baada ya kupima mvua ya kwao, maana sasa alikuwa ameanza tena kutoka nje. Abubakari alisoma kwa sauti ya kuimba, kama anavyosoma mtu aliyepita madrasa, na Filipo alibonyeza namba. Umeme ulikatika mara kwa mara, na mashine ikaendelea kwa betri. Kila jioni alihifadhi kazi mara tatu, ndani ya mashine, kwenye flashi ya nne, na kwa kumtumia Happyness Dodoma. Kisha, akiwa njiani kurudi, aliingia steshenari ya karibu na stesheni ya treni, akaomba achomeke flashi kwenye mashine yao, akaona namba kwa macho yake, akashukuru, akaondoka. Yule dada wa steshenari, Angela, alidhani mzee ana wasiwasi wa uzeeni. Baada ya wiki mbili alikuwa anamuuliza kuhusu Linux, na Filipo alimpa flashi tatu zilizoandikwa namba na kumwambia aanze kwa kuzitembelea.

Sentensi hazikurudi. Alijaribu kuzikumbuka, akakaa na kila mwezi kama unavyokaa na jina la mtu lililo kwenye ncha ya ulimi. Alizipata arobaini na moja tu, na baadhi yake hakuwa na uhakika kama ni za mvua ile au za mvua nyingine. Aliziandika kwa herufi za mlazo ili atakayezisoma ajue kwamba hizi zimekumbukwa. Safu ya maneno kwa sehemu kubwa ilibaki nyeupe. Siku za kwanza weupe huo ulimuuma. Baadaye aliuzoea.

Siku ya sita, mchana, walikuwa wamefika mwaka 2019. Nje kulikuwa na joto la kungojea mvua. Abubakari alisoma, "Februari, tarehe tisa. Kilosa, sifuri. Kimamba, thelathini na nane."

Vidole vya mwalimu vilisimama. Aliukumbuka ule Februari. Kilosa kulikauka wiki tatu, kanisani waliombea mvua, na yeye aliandika sifuri siku baada ya siku akiamini kwamba anaandika habari za dunia nzima. Kumbe huku chini, mwendo wa baiskeli kutoka kwake, mvua ilikuwa imeshuka nzito, ikalowesha, ikaondoka, na asubuhi yake mtu huyu akampigia simu, akauliza yake, akaambiwa sifuri, akasema ahsante.

"Abubakari."

"Naam."

"Hiyo ya thelathini na nane. Ilikujaje?"

Abubakari aliacha kalenda, akaegemea ukuta. Macho yake yalipanda darini, na uso wake ukalainika.

"Ilikuja alasiri, bila radi. Nilikuwa juu ya paa naezua mabati mabovu, nusu ya nyumba iko wazi. Mama watoto ananipigia kelele nishuke, kitanda kinalowa. Sikushuka. Nilikaa kule juu na nyundo yangu mpaka ikaisha."

Mwalimu Filipo alisogeza kishale hadi kwenye kisanduku cheupe cha siku ile.

"Rudia," alisema. "Polepole, niandike."